Biblia ya maandishi makubwa yenye marejeo: maoni yangu baada ya kuitumia sokoni Mwaloni

Bwana asifiwe, wapendwa. Baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza kuhusu ile Biblia ya maandishi makubwa, tafsiri ya Union Version, yenye marejeo pembeni (yanayokuelekeza mistari mingine inayohusiana) na itifaki nyuma (orodha ya maneno na mistari yanakopatikana). Niliinunua shilingi 45,000 kwenye duka la vitabu hapa Mwanza mjini. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, kwa hiyo Biblia yangu haikai kabatini. Inakaa kibandani, kwenye vumbi la dagaa na unyevu wa ziwa. Nasema kwa moyo wote kwamba inastahili bei yake, na sababu kubwa ni hayo marejeo.

Maandishi yanasomeka hata jioni taa ikiwa hafifu. Mama yangu mzazi anaisoma vizuri tu. Jalada bado zima. Zipu hukwama, ipakeni mshumaa. Karatasi ni nyembamba na wino hutokea upande wa pili, kwa hiyo pigieni mistari kwa penseli. Ramani zipo.

Sasa marejeo. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, maana mwezi ukiwaka taa zao hazivuti samaki, na mzigo sokoni hupungua. Hapo ndipo napata muda wa kusoma kwa utulivu. Nikafungua Mwanzo 15. Mungu anamwahidi Abramu uzao kama nyota, naye anaamini, na kwa imani hiyo anahesabiwa haki. Halafu anauliza atajuaje kwamba ataimiliki nchi. Mungu hamkaripii. Anamwagiza ndama, mbuzi na kondoo dume, kila mmoja wa miaka 3, pamoja na hua na kinda la njiwa. Wale wanyama watatu wanapasuliwa, vipande vinapangwa vikielekeana. Jua linatua, Abramu anashikwa na usingizi mzito, kisha tanuru ya moshi na mwenge wa moto vinapita katikati ya vile vipande.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hii, lakini wale wanyama hakuna aliyenieleza ni wa nini. Herufi ndogo kwenye mstari wa 17 ikanipeleka Yeremia 34:18. Kule wakuu wa Yuda walikata ndama vipande viwili, wakapita katikati yake, wakaahidi kuwaacha huru watumwa wao Waebrania, kisha wakawarudisha utumwani. Mungu anawahukumu kwa agano lile lile walilolivunja. Kumbe anayepita katikati ya vipande anajifunga kwa uhai wake: akilivunja agano, na awe kama wale wanyama! Na usiku ule Abramu hakupita. Alipita Mungu peke yake, kwa ishara ya ile tanuru na ule mwenge.

Sisi wa sokoni tunaijua mali kauli: mtu anachukua magunia leo, atalipa akishauza, na mwenye mzigo ndiye anayekosa usingizi. Kwenye Mwanzo 15 mwenye mali yote ndiye aliyejifunga, na yule aliyeuliza atajuaje, akalala.

Marejeo hayakuniacha hapo. Yalinionyesha Ibrahimu (ndiye Abramu, jina alilopewa baadaye) akitoka Harani ana miaka 75, na Isaka akizaliwa baba ana miaka 100. Miaka 25 ya kungoja, na katikati yake Hajiri, mjakazi aliyemzalia Abramu mtoto, na Sara mkewe akiicheka ahadi. Agano halikuvunjika.

Zaburi ya 89 ndiyo iliyonishika zaidi, kwa sababu niliifikia masika, mvua ilipowakuta dagaa wangu mchangani, wakaoza, na sehemu kubwa ya mtaji ikaenda. Nusu ya kwanza inasifu agano la Mungu na Daudi. Kuanzia mstari wa 38 mwimbaji anageuka, anamwambia Mungu waziwazi: umemtupa masihi wako (yaani mfalme uliyemtia mafuta), umelichukia agano. Analia, lakini anamlilia Yule Yule, na anamkumbusha kiapo chake. Niliomba hivyo hivyo, kwa sauti, peke yangu kibandani. Pembeni mwa zaburi hiyo kuna marejeo ya 2 Samweli 7, ambapo Mungu anamwahidi Daudi kiti cha enzi cha milele, na ya Luka 1:32, ambapo malaika anamwambia Mariamu kwamba mwanawe atapewa kiti cha enzi cha Daudi baba yake. Mtaji wangu haukurudi siku ile. Nilikopa, nikaanza upya, nikatafuta vichanja vya kuanikia, na sikuacha kuomba.

Kasoro moja inanisumbua kweli: maandishi ni makubwa, lakini marejeo yenyewe yamechapwa madogo mno, na mzee mwenye macho dhaifu atakosa kile hasa anacholipia. Mama inabidi nimsomee.

Ukienda kununua, usikubali kuuziwa ikiwa bado kwenye nailoni. Omba ifunguliwe pale pale kaunta, tafuta Mwanzo 15:17, uangalie pembeni. Kama hakuna Yeremia 34, ulizia toleo jingine.