Vizibo vya masikio kwa mwendesha pikipiki anayependa muziki: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kwa asiye na muda wa kusoma yote: kama unaendesha pikipiki nje ya mji, na jioni unapenda kukaa mbele ya spika za maana, nunua vizibo vya masikio kabla hujafikiria ekzosi mpya au waya za spika za bei mbaya. Mimi natumia vya aina mbili, vya sponji na vya silikoni vyenye kichujio. Havifanani hata kidogo.

Pikipiki na muziki ni maradhi yangu ya tangu utotoni. Mzee alikuwa na santuri za Morogoro Jazz na NUTA Jazz, mjomba alikuwa bwana shamba mwenye pikipiki ya serikali. Mtoto wa nyumba hiyo ataponea wapi? Leo uani kuna Yamaha YBR 125, sebuleni kuna amplifaya ya Yamaha, na zote zina nembo ile ile ya uma tatu za kupimia sauti. Kampuni ilianza na vinanda, tangu Torakusu Yamaha alipounda cha kwanza mwaka 1887. Pikipiki ya kwanza, YA-1, ilikuja 1955. Amplifaya yangu ni mtumba wa Japani unaotaka volti 100, kwa hiyo inakaa nyuma ya transfoma. Ukiichomeka kavukavu kwenye umeme wetu wa 230, unaizika siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwa adui. Wengi tunadhani ni mlio wa injini, lakini YBR yenye ekzosi yake ya kiwandani haina kelele za kumuumiza mtu. Kinachomaliza sikio ni upepo. Unapenya chini ya kidevu, unazunguka shingoni, unavurugika pale pale helmeti inapoishia. Kwenye kilomita 100 kwa saa kelele hiyo hufika desibeli 95 hadi 100, hata kwa helmeti nzima ya kufunika uso. Pikipiki yangu ikifika mwendo huo imekwisha pumzi, kwa hiyo mara nyingi niko kwenye 80 au 90, ambako kelele inapungua kidogo tu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 100 ni dakika 15, na kwa dakika 15 kutoka Bunju hata Bagamoyo hujaiona.

Sikio likianza kuharibiwa na kelele, kwa kawaida linapoteza kwanza sauti za kati ya herzi 3,000 na 6,000. Ndimo yalimo matoazi, mchakacho wa maraka, na ule ukali wa kucha ikigusa waya wa gitaa la solo. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Unaweza kununua spika za milioni tano na usisikie ulichokilipia.

Vya sponji ndivyo vile vya njano au rangi ya chungwa vinavyouzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Pakiti yangu imeandikwa SNR 37. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha desibeli ambazo kizibo kinapunguza. Cha Marekani ni NRR na hutoa namba ndogo kwa kizibo hicho hicho, kwa hiyo usilinganishe pakiti mbili kabla hujaangalia ni kipimo gani. Zote ni namba za maabara pia. Barabarani unapata pungufu, hasa ukikichomeka juujuu. Kiviringishe kwa vidole kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kwenda juu, kisukume ndani, kishikilie mpaka kivimbe. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kichwani, kimekaa.

Kazi vinafanya, tena sana. Shida yake ya kwanza ni vidole: umetoka kukaza cheni, mkono una grisi, na kuviringisha kote huko kunaihamishia grisi kwenye sponji kisha sikioni. Siku hizi kitambaa chenye sabuni hakikosi kwenye begi. Shida ya pili ni kwamba vinakata sauti za juu kuliko za chini, dunia inakuwa kama umejifunika blanketi. Na jasho la Februari linavichosha haraka. Vikilowa, tupa.

Vya silikoni niliagiza kwa binamu aliyekuwa Dubai, shilingi 70,000 na ushee. Vina tundu jembamba katikati lenye kichujio, na SNR yake ni 20 tu. Kwenye karatasi vinashindwa vibaya. Barabarani ndivyo ninavyovichukua mara nyingi, kwa sababu vinapunguza upepo bila kufuta maneno. Mhudumu wa sheli pale Tegeta akiuliza "ya shilingi ngapi, kaka?" namsikia bila kuvua kitu. Honi ya lori linalotaka kunipita naisikia vizuri kuliko nikiwa masikio wazi, maana mvumo uliokuwa unaimeza haupo.

Kasoro yake ni helmeti. Kila kizibo kina kimkia cha kukivutia, na sponji ya ndani ya helmeti ikikigusa wakati wa kuvaa, kizibo kinalegea nusu. Hapo huna kinga tena, ila unajiona unayo. Dawa ni kuitanua helmeti kwa mikono miwili na kuishusha polepole. Kwa kwenda Morogoro, safari ndefu yenye upepo wa masaa, narudi kwenye sponji. Kwenye foleni ya Mwenge au Ubungo sivai chochote. Mwendo ni mdogo na nataka kumsikia dereva wa daladala anachopanga.

Kipimo changu mimi ni santuri. Zamani nikitoka Bagamoyo, nikiweka Mlimani Park, nilikuwa napandisha sauti mpaka kitufe kinaelekea juu kabisa ndipo muziki uchangamke, na masikio yanavuma mpaka usiku. Gitaa la pili la solo, lile linalojibizana na la kwanza, lilikuwa linajificha nyuma ya tarumbeta. Sasa narudi, naacha kitufe nilipokiacha asubuhi, na magitaa yote yapo, kila moja kwenye kona yake. Jirani wa ukuta mmoja naye amefaidika, ingawa hajui kwa nini.

Nitaulizwa kuhusu spika za kubandika ndani ya helmeti. Siziafiki kwa safari ndefu. Kama upepo uko kwenye desibeli 95, muziki inabidi uupite ndipo usikike, kwa hiyo umejiongezea mzigo juu ya mzigo. Na kwa mpenda sauti safi, besi inayopigana na upepo ni mateso.

Vya silikoni naviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, navikausha kabla ya kuvirudisha kwenye kikopo chake. Nimeagiza jozi nyingine kwa ajili ya mdogo wangu, anayekwenda na kurudi Chalinze na TVS yake. Vya sponji atajinunulia mwenyewe, buku jero tu.