Karata za telepathia: pacha wangu kapata 14, nikaishuku taa

Mimi ni Doto, na ukisikia Doto ujue kuna Kulwa aliyetangulia kutoka. Kulwa wangu ni mwanamume, anauza vipuri vya boti Mwanza. Mimi nashona nguo Tabata, Dar es Salaam. Tangu tungali watoto tunaambiwa tunasomana mawazo. Mama ana ushahidi wake: usiku niliposhikwa na uchungu wa mwanangu wa kwanza, Kulwa huko Mwanza aligaagaa na tumbo mpaka asubuhi. Hadithi hiyo haikosi kwenye harusi wala msiba wowote wa ukoo. Kwa hiyo nilipoona duka moja la mtandaoni linauza karata za kupima telepathia kwa shilingi 38,000, nauli ya mzigo ikiwemo, sikujiuliza mara mbili.

Ndani ya boksi kuna karata 25 na kijikaratasi cha maelezo. Hakuna kopa wala shupaza. Maumbo ni matano, kila moja lina karata tano: duara, msalaba, mraba, nyota na mistari mitatu ya mawimbi. Zinaitwa karata za Zener, kwa jina la Karl Zener, mwanasaikolojia aliyezibuni mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya mwenzake J. B. Rhine, aliyekuwa akichunguza telepathia pale Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mmoja anachanga, anatazama karata moja moja kimyakimya, mwenzake anataja umbo. Anayebahatisha tu hupata wastani wa 5 kati ya 25. Kufika 9 au zaidi kwa bahati tupu hutokea kama mara 1 katika 20.

Kulwa alikuja Krismasi na sato wake kwenye barafu. Tukakaa meza ya cherehani, mimi huku, yeye kule. Akapata 14. Mama akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia dirishani.

Mimi sikushangilia. Fundi ukishazoea vitambaa vyepesi, mkono unainua kitu kwenye mwanga wenyewe. Nikainua karata ya juu mbele ya taa ya cherehani, nikageuza mgongo wake kwangu: yale mawimbi yakaonekana kama sidiria ndani ya blauzi nyeupe. Karatasi yao nyepesi mno. Taa ilikuwa upande wangu, kwa hiyo Kulwa alikuwa akisomewa majibu na umeme wa luku yangu. "Haki ya Mungu, Doto, sikuona kitu, ilikuwa inanijia tu kichwani," akasema. Namwamini. Jicho lilichukua, mwenye jicho hakuambiwa. Na huu si ugonjwa mpya: karata kama hizi zilizouzwa Marekani miaka ya 1930 nazo zililalamikiwa hivyohivyo, kwamba kwenye mwanga fulani umbo linaonekana kwa nyuma. Miongo imepita, mtengenezaji bado hajanunua karatasi nzito.

Nikatundika khanga katikati yetu, tukaanza upya. Safari hii 9. Mama akaanza tena kukaa sawa. Binti yangu wa kidato cha nne, aliyekuwa anaparua samaki, akasema bila kuinua kichwa: "Mama, mjomba anahesabu."

Kweli. Kijikaratasi kinaagiza kwamba baada ya kila jibu umwonyeshe mwenzako karata yenyewe. Kulwa ni mchezaji wa arubastini, huyo anajua shupaza ngapi zimeshatoka hata akiwa anasinzia. Nyota tano zikishapita, atataja nyota ya nini? Mwenye kumbukumbu nzuri akionyeshwa kila kilichotoka, wastani wake unapanda kutoka 5 hadi zaidi ya 8, bila mlango wa sita wa fahamu kufunguka hata kidogo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko wepesi wa karatasi: maelezo ya kutumia kipimo yanaharibu kipimo.

Kijikaratasi hichohicho kinaeleza kwamba ubongo hurusha mawimbi kama kituo cha redio na pacha ni redio iliyokwisha kukamata stesheni. Wazo hilo lina historia nzuri kuliko wanavyojua. Hans Berger, daktari Mjerumani, ujanani alinusurika ajali ya farasi akiwa jeshini. Jioni hiyohiyo ikamfikia simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, kwa sababu dada yake huko nyumbani alikuwa ameingiwa na hofu juu yake. Berger akatumia maisha yake kutafuta nguvu iliyobeba ile hofu. Mwaka 1924 akawa wa kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu, akautangaza 1929. Ila umeme huo juu ya ngozi ya kichwa ni sehemu za milioni za volti; hadi leo kwa kawaida waya hubandikwa kichwani, mara nyingi kwa jeli, ndipo usomeke. Utavukaje hadi Mwanza? Rhine mwenyewe aliikataa redio, akidai matokeo yake hayapungui kwa umbali.

Kulwa alipoondoka tukajaribu kwa umbali, kama walivyofanya kwa Rhine mwaka 1933 na 1934. Pale Gaither Pratt, msaidizi wa Rhine, alikuwa jengo moja na karata, mwanafunzi Hubert Pearce maktabani, saa zimelinganishwa, karata moja kila dakika. Katika karata 1,850 Pearce alipata 558, wakati bahati ingempa 370. Baadaye mkosoaji Hansel akauliza nani alikuwa akimlinda Pearce asitoke maktabani kwenda kuchungulia. Sisi ulinzi tulikuwa nao: kilomita zaidi ya elfu za barabara. Saa tatu usiku, simu zimezimwa, karata moja kwa dakika, mizunguko minne kwa siku nne. Kulwa akapata 4, 7, 3 na 5. Jumla 19 kati ya 100, pungufu kwa moja ya kile ambacho angepata mlevi.

Mama anaikumbuka ile 7 tu.

Nazipa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo ni ya binti yangu, ambaye sasa anazitumia kwa hesabu za uwezekano. Ukinunua, tupa kijikaratasi, weka kitambaa kizito katikati, majibu yaandikwe na yasahihishwe mwisho kabisa.

Mama hajakubali kushindwa. Anasema uchungu wa kuzaa ni uchungu, na mraba ni mraba. Nani ataumwa tumbo usiku kucha kwa ajili ya mraba? Nimemwuliza Kulwa usiku ule alikula nini. Hakumbuki.