Kiendelezi cha kushiriki kikapu: kinafaa, ila angalia ruhusa

Mimi na dada zangu wawili tulikuwa tunamnunulia mama vyombo vya jikoni mtandaoni. Nikanakili anwani ya ukurasa wa kikapu changu, nikawatumia. Wote wakakuta kikapu kitupu! Kumbe kikapu kinakaa kwenye akaunti yako au kwenye vidakuzi vya kivinjari chako (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huweka humo), hakimo kwenye anwani ile.

Basi nikaweka kiendelezi cha kushiriki kikapu, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari, kwenye Chrome. Unabonyeza alama yake, kinasoma bidhaa na idadi, kinakupa linki ya kutuma. Mdogo wangu alipoifungua, sufuria zote saba zilikuwemo, ila mbili nilizochagua nyekundu zilimfikia nyeusi. Kwa hiyo rangi na saizi kagua moja moja kabla hujalipa.

Kilichonikera hasa ni ruhusa. Kinaomba kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote, yaani hata ukurasa wa benki umo. Hapana. Nikaingia kwenye mipangilio ya viendelezi, nikachagua kifanye kazi pale tu ninapokibonyeza. Linki zinatoka vilevile, na vyombo vya mama tumeshaviagiza.