Detekta mbili na dreja moja: uzoefu wangu wa kusaka dhahabu kwa starehe

Detekta, mashine ya kutambua metali iliyofukiwa ardhini, haioni vumbi. Hilo ndilo la kwanza kulijua kabla hujatoa hela yako, maana wauzaji hawalitaji. Chukua gramu nzima ya dhahabu iliyosagika kama unga, itawanye kwenye ndoo ya mchanga, pitisha koili (ile sahani ya chini inayosikiliza ardhi) juu yake: kimya, utadhani ndoo ni tupu. Gramu hiyohiyo ikiwa bonge moja, itakupigia kelele mpaka uvue hedifoni.

Mimi natafuta dhahabu kwa starehe, si kwa riziki, na vifaa nilivyotumia vya kutosha kuvisemea ni vitatu: detekta ya aina ya VLF (ya masafa ya chini sana ya redio), detekta ya mapigo, na dreja, mashine ndogo ya kunyonya mchanga wa mtoni yenye bomba la inchi mbili na nusu. Modeli zangu sizitaji. Tofauti ya maana ni ile iliyopo kati ya kundi na kundi. Ndani ya kundi moja, mashine nyingi za daraja moja zinakaribiana, na mabishano ya ipi kali zaidi mara nyingi ni ushabiki tu.

Nianze na VLF kwa sababu ndiyo ninayoishika mara nyingi. Inatuma mawimbi bila kukatiza na papo hapo inasikiliza yanayorudi. Za kutafutia sarafu nyingi hufanya kazi chini ya kHz 15 (kilohezi, kipimo cha masafa ya mawimbi). Zilizotengenezwa kwa ajili ya dhahabu hupanda juu: Garrett AT Gold iko kHz 18, Minelab Gold Monster 1000 iko kHz 45, na Fisher Gold Bug 2, ya zamani lakini bado ina wapenzi wake, iko kHz 71. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo inavyozinasa punje ndogo, na ndivyo udongo wenye madini ya chuma unavyoisumbua. Yangu iko upande wa juu, na kwa punje ndogo kuliko ya mchele sijaona inayoishinda, mradi punje iwe sentimita chache tu chini ya koili. Ikizama zaidi ya hapo, ndiyo imekwenda. Anayekuahidi kupata punje ya aina hiyo kwa kina cha nusu mita anataka kukuuzia kitu.

Udongo ndio mtihani wake. Kwenye mchanga mweupe na changarawe safi inatulia, unasikia mlio mwembamba tu wa nyuma, na chochote kinachoukatiza unakichimba. Ukiipeleka kwenye udongo mwekundu wenye chuma nyingi, au penye mchanga mweusi uliolundikana, inaguna mfululizo. Inabidi uisawazishe na ardhi: unainua na kushusha koili mahali pasipo na chuma chochote mpaka sauti ya juu na ya chini zilingane. Mashine za siku hizi hujisawazisha zenyewe. Mimi bado napenda ile ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu inanilazimisha kuisikiliza ardhi kabla sijaanza kutafuta. Halafu kuna mawe. Jiwe moja lenye madini tofauti na udongo unaolizunguka linalia kama dhahabu kabisa, na njia pekee ya kulijua ni kulitoa na kulipitisha peke yake mbele ya koili. Yakizidi mahali pamoja, nahama.

Kuna swali naulizwa kila mara: je, haichagui? Si ina kipimo cha kutenganisha chuma na dhahabu? Inacho, na mimi nimekizima. Dhahabu kama metali inapitisha umeme vizuri sana, lakini bonge dogo, tena lililochanganyika na fedha na shaba kama yalivyo mengi ya asili, linasomeka pamoja na karatasi ya alumini, visikio vya makopo na punje za risasi. Bonge likilala karibu na jiwe la chuma, kipimo kinaweza kukuambia "chuma" na ukalipita. Kwa hiyo nachimba kila kitu. Misumari inaisha haraka ukiwa na sumaku kali kwenye mpini wa sururu: unakoroga udongo uliochimba, msumari unajirusha wenyewe. Kinachochosha ni risasi za bunduki, maana sumaku haizishiki, zina uzito, na sauti yake ni laini na tamu vilevile. Mahali penye risasi nyingi huwa sikati tamaa mapema, kwa sababu moja tu: ukiwa unapata risasi ndogo, una hakika koili yako inafika kule ambako dhahabu ya saizi hiyo ingekuwa.

Jambo moja la matumizi ambalo vitabu vya maelekezo hulipitia juujuu: koili iguse ardhi. Si karibu na ardhi, iguse, isugue, na kila mpito upandane na uliotangulia kwa nusu ya upana wa koili. Watu wanatembea na kupunga kama wanaofyeka nyasi, koili inapaa kila mwisho wa mzunguko, na kwa dhahabu ndogo kimo hicho cha sentimita tatu ni tofauti kati ya sauti na kimya. Gundi punje ya risasi kwenye kadi ya plastiki, iweke chini, uifanyie mazoezi. Na viatu visiwe na chuma kwenye vidole.

Detekta ya mapigo ni mnyama mwingine. Inatuma pigo fupi la nguvu, inanyamaza, kisha inasikiliza mwangwi unavyofifia. Kwa kuwa mwitikio wa madini ya udongo hufifia mapema, mashine inaweza kuupuuza, na ndiyo maana kwenye udongo mwekundu ule ambapo VLF yangu inaguna, hii inatulia. Kampuni ya Minelab ilipoleta detekta ya mapigo ya SD 2000 mwaka 1995, maeneo ya Australia yaliyodhaniwa kuwa yamekwisha yalianza kutoa mabonge tena, na hadi leo wasakaji wa kule wenye nia ya kina wengi wako kwenye ukoo huu au kwenye GPZ 7000 ya 2015, inayotumia teknolojia tofauti kidogo. Kina kweli kipo. Bonge la gramu kadhaa ambalo VLF isingelisikia kabisa, hii inakunong'onezea lilipo.

Lakini nitasema wazi kwamba sikuifurahia. Ni nzito, inataka mkanda wa begani na kamba ya kuibeba, na jioni mkono unauma. Haichagui chochote cha maana, kwa hiyo msumari uliozama nusu mita utakuomba shimo la nusu mita, na kulichimba ni kazi ya kweli, si ya kukwangua kwa kijiko. Waya za umeme na radi za mbali zinaichanganya. Punje ndogo sana, au dhahabu yenye vitundu kama sifongo iliyotapakaa ndani ya jiwe, mwangwi wake hufifia haraka mno na mashine za zamani huikosa. Kwa mtu mwenye ardhi ngumu ya chuma na mabonge makubwa, hakuna mjadala, anunue hii. Kwa anayetoka siku moja moja kwenye vijito, anabeba mzigo asiouhitaji.

Hapa niingize neno kuhusu picha za matangazo. Ile ya bonge la Hand of Faith, kilo 27 na ushei, lililopatikana kwa detekta Kingower, jimbo la Victoria, Australia, mwaka 1980, imeuza mashine nyingi kuliko wauzaji wote. Ni kweli lilipatikana, na lilikuwa kwenye kina cha sentimita 30 hivi. Lakini bonge la Welcome Stranger, la zaidi ya kilo 70, lilipatikana jimbo hilohilo mwaka 1869 bila mashine yoyote, chini kidogo tu ya uso wa ardhi. Kilichoyaunganisha mabonge hayo mawili ni Victoria.

Sasa dreja. Watu wanafikiri pampu inanyonya mawe. Hapana, ingesagika siku ya kwanza. Injini ndogo ya petroli inaendesha pampu ya maji safi, pampu inasukuma maji kwa kasi kupitia mdomo mwembamba ndani ya bomba kubwa, na mbio za maji hayo ndizo zinazovuta maji mengine nyuma yake pamoja na mchanga na kokoto. Vyote hupanda hadi kwenye mfereji unaoelea juu ya maboya. Humo kuna vizuizi vya chuma na zulia chini yake. Dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji, mawe ya kawaida ya kwazi 2.65, hata ule mchanga mweusi wa sumaku ni 5.2 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kazi yote. Mfereji wenyewe ni bati lenye ngazi.

Kwa vumbi, hakuna kinachoifikia. Sehemu ambayo kwa karai la kuoshea mchanga ningekaa mchana kutwa, dreja inaimaliza kabla chai haijapoa, na inakuwezesha kusafisha nyufa za mwamba wa chini, mahali ambapo dhahabu inajificha kweli. Juu ya mwamba, kwenye changarawe legevu, utapata machache. Lazima ushuke hadi mwamba wenyewe, kwenye kona ya ndani ya mto, nyuma ya mawe makubwa, na kwenye nyufa zinazokata mkondo. Ufa mmoja uliobana vizuri umewahi kunipa zaidi ya mita kadhaa za changarawe.

Bei ya raha hiyo ni kuziba. Jiwe refu linalopita mdomoni kwa wima, likigeuka kwenye kiungo cha bomba, limekwama. Unazima, unagonga kwa nyundo ya mpira, unachomeka fimbo, unawasha tena. Mdomo wa bomba langu ulikuja na pete ya kuupunguza, na pete hiyo usiitoe hata ukishawishika kwamba itaongeza kasi: kazi yake ni kuhakikisha kila kinachoingia ni chembamba kuliko njia iliyobaki. Mawe makubwa unayaondoa kwa mkono. Kwa hiyo kuendesha dreja, ukweli wake, ni kubeba mawe ukiwa umelowa. Na usichimbe chini ya jiwe kubwa ukiwa upande wa mteremko wake. Mawe yanalala kwa mizani, ukiondoa changarawe yanahama.

Mwinamo wa mfereji unastahili muda kuliko injini. Ukisafisha, angalia theluthi ya kwanza ya zulia kando na theluthi ya mwisho. Dhahabu nyingi ikiwa juu, uko sawa. Ukiipata chini pia, maji yanakimbia mno na iliyobaki imeshamwagika mtoni. Nilichosalia nacho namalizia kwa karai, natoa mchanga mweusi kwa sumaku iliyofungwa mfuko wa plastiki, na vumbi la mwisho nanyonya kwa chupa ndogo. Zebaki ya kukamatia dhahabu sitaki kuiona. Kwa wingi wa dhahabu ya mtu wa starehe hakuna hoja yoyote ya kuitumia, na mvuke wake unaharibu mishipa ya fahamu.

Zebaki hiyo ndiyo inayonipeleka kwenye sheria, kwa sababu dreja inaweza kukukalia kama mapambo. California ilizisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikakubali kwamba jimbo lina haki ya kufanya hivyo hata kwenye ardhi ya serikali kuu. Hoja zao si za kubeza: kunyonya kitanda cha mto kunaharibu mayai ya samaki, na kunaamsha zebaki iliyozama tangu wachimbaji wa karne ya 19. Maeneo mengi yanayoruhusu detekta na karai hayaruhusu chochote chenye injini ndani ya maji. Uliza kuhusu mto wako hasa, kwa maandishi, kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Uamuzi wangu, kwa anayetaka kununua kimoja tu: VLF ya masafa ya juu, koili ndogo ya duaradufu, sumaku, karai. Ya mapigo nimeiacha kwa rafiki mwenye mabega na ardhi inayoihitaji. Dreja naipenda kuliko zote mbili na naitumia mara chache kuliko zote mbili, kwa sababu inahitaji gari, mto ulio halali, maji ya kutosha na mtu wa pili wa kushika bomba.

Ukipata dreja iliyotumika, usidanganywe na injini kuwaka. Muombe muuzaji aiwashe ikiwa majini, pampu ikiwa imejazwa maji kwanza, kisha aizime na usubiri. Maji yakishuka yote ndani ya dakika chache, vali ya mwisho wa bomba la kuvutia imechoka. Hiyo ni rahisi kubadilisha. Halafu vua kiungo cha mdomo wa kasi na upitishe kidole ndani. Ukikuta bati limeliwa na mchanga hadi linakata, mwachie mashine yake.