Miaka miwili Kyaliwajjala: nyumba, barabara na majirani

Nilifika Kyaliwajjala, Uganda, kwa basi kutoka Mwanza kupitia mpaka wa Mutukula, cherehani yangu nimeibana kati ya miguu njia nzima kwa kuwa sikuiamini buti ya basi. Mume wangu alikuwa ametangulia kwa ajili ya kazi. Tangu hapo ndugu na marafiki hawaishi kuniuliza kama panafaa kuishi na familia. Panafaa, na sina mpango wa kuondoka. Ila ninyi mje mnajua yale ambayo sisi hatukuyajua.

Ni njia panda iliyokua ikawa mji: huku Naalya, huku Kireka, huku Namugongo, huku Kira. Iko ndani ya Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, kilomita 12 hivi kutoka katikati ya Kampala. Sensa ya 2014 ilikuta watu zaidi ya 317,000 Kira nzima, na tangu nihamie nimeona mashamba matatu ya migomba jirani na kwetu yakigeuka nyumba za kupangisha.

Dalali alituzungusha siku nzima, tukaishia kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule, jiko ndani, kodi shilingi za Uganda 650,000 kwa mwezi. Naye akachukua yake, sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kuta safi, bomba linatoa maji, geti linafungwa. Tukatia saini. Kitu ambacho hatukukiangalia ni mita.

Yaka ndiyo LUKU ya huku, umeme wa kulipia kabla: unalipa kwa simu, unapata tarakimu, unaziingiza. Tuliweka umeme wa 50,000 Jumatatu, Ijumaa tukawa gizani. Tukaweka tena, ukaisha tena. Usiku mmoja nikazima kila kitu. Taa zote, friji, pasi nikaichomoa, hata chaja ya simu. Nikasimama gizani mbele ya mita, na kile kitaa chekundu kikawa kinapepesa vilevile, tena kwa kasi. Nikatoka nje na tochi ya simu nikaufuata waya: ulipita chini ya bati, ukazunguka kona, ukaingia chumba cha nyuma alikokuwa kijana mwenye saluni ya kunyoa na friji ya soda. Wala hakuwa mwizi. Alikuwa akimlipa mwenye nyumba pesa ya umeme kila mwezi, akiamini ana mita yake.

Mwenye nyumba alitupiga kalenda wiki mbili. Aliyeniokoa ni jirani yangu Nalongo. Hilo si jina, ni heshima anayopewa mama wa mapacha, na huku ukimwita mama wa mapacha vinginevyo utaonekana huna adabu. Aliniambia niende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, yule yule aliyeniandikia barua ya utambulisho nilipohamia. Mwenyekiti akaja, akaketi barazani kwetu, akawasikiliza wote watatu bila kupandisha sauti. Mita ya pili ilifungwa. Mwenye nyumba akalipiza kwa kutangaza kodi 800,000. Nikamkumbusha, mbele ya mwenyekiti, kwamba sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji haimruhusu kupandisha zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Tukakubaliana 700,000. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujatoa hata shilingi, zima kila kitu kisha uitazame mita. Na uende kuiona nyumba siku mvua imenyesha, kwa sababu vichochoro vya udongo mwekundu vikilowa hata boda anakataa kuingia.

Barabara ndiyo inayochosha. Mume wangu akitoka baada ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hesabu imeharibika. Jioni ni mbaya zaidi, upande wa Kireka na upande wa Naalya. Kwenye takisi, ndizo daladala za huku, jifunze maneno mawili, "maaso awo", yaani hapo mbele nishushe, la sivyo utapitishwa kituo.

Chakula hakinipi shida. Samaki ni wa ziwa letu lile lile. Dagaa wanaitwa mukene, nami sikuamini kuwa ni wale wale mpaka nilipowashika mkononi.

Lugha ndiyo iliyoniumiza mwanzoni. Siku ya kwanza dukani niliomba sukari kwa Kiswahili, mama mwenye duka akanijibu, "Ndiyo, afande," na uso wake ukafunga. Nilirudi nyumbani nikalia. Nalongo akanieleza kwamba kwa watu wa umri wake, Kiswahili ni sauti ya askari kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Amin, sauti ya mtu anayekupekua. Serikali iliamua mwaka 2022 kifundishwe shuleni, lakini uamuzi wa serikali haufuti kumbukumbu ya mtu. Nikaanza kusalimia kwa Kiganda, "gyebale ko, nnyabo", kabla ya kuomba chochote.

Halafu ikaja Juni. Tarehe 3 ni siku ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886, Karoli Lwanga na wenzake, na Namugongo ni hapo tu mbele yetu. Mahujaji huanza kupita siku kadhaa kabla, wengine wametembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Nilikuwa barazani napinda suruali ya shule, yule mama wa duka akaja mbio, akanishika mkono. Mbele ya duka lake walikuwa wanawake wanane wameketi chini, viatu wamevivua, miguu imevimba. Walitoka Bukoba. Walikuwa wakiomba maji ya moto na chumvi, yeye anawaletea maji ya kunywa. Nikatafsiri. Akawasha jiko, akaleta beseni lake mwenyewe, akainama akawaosha miguu mmoja baada ya mwingine, huku akiniuliza kila mara, "Kwa Kiswahili ni 'pole', sivyo?" Nikamwambia ndiyo, pole.

Sasa ananiita dada, na sare za wajukuu wake nashona mimi.

Ukija, ujue kwamba kuanzia tarehe 2 Juni magari hayapenyi: mafuta, unga na gesi viwe ndani mapema. Mkataba wetu unaisha Agosti, na tumeshamwambia mwenye nyumba kwamba tunaendelea.