Tahadhari: Muuzaji wa spea za Raleigh anayeomba "sampuli"

Ndugu mnaofufua baiskeli za zamani, naandika kuwaonya juu ya muuzaji anayejitangaza mtandaoni kwamba anazo spea halisi za Raleigh kutoka Nottingham, Uingereza, na ambaye kabla ya kukuuzia chochote hukuomba umtumie kifaa chako cha zamani kama sampuli ili, kwa maneno yake, akilinganishe na alicho nacho stoo. Msimtumie. Nimepoteza fedha kwake, lakini kinachoniuma zaidi ni vifaa vya baiskeli ya marehemu baba yangu, ambavyo sasa naamini ndivyo alivyokuwa akivitaka tangu siku ya kwanza.

Baiskeli yenyewe ni Raleigh ya kiume yenye breki za vyuma, ringi za inchi 28 na giya tatu zilizofichwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, iliyotengenezwa na kiwanda cha Sturmey-Archer. Baba aliinunua mwaka 1962 kwa fedha za pamba, na kwa zaidi ya miaka thelathini aliiendesha kati ya kijijini kwetu na Shinyanga mjini. Juu ya habu pamegongwa herufi AW, ambazo ni jina la aina yake, na kando yake tarakimu 61 na 11, yaani ilitengenezwa Novemba 1961. Kiwanda hicho kilikuwa na desturi ya kugonga mwaka na mwezi juu ya habu, na ndiyo maana anayezijua baiskeli hizi huitazama habu kabla ya kutazama rangi. Giya ya mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo, ina meno 46 na imekatwa maumbo ya korongo, ndege aliye katika nembo ya Raleigh. Vifaa hivi viwili hutafutwa sana na wakusanyaji, jambo ambalo sikulipa uzito uliostahili.

Sehemu nyingi hazikunisumbua. Tairi za 28 x 1½ zipo madukani, kwa sababu baiskeli za mizigo za India na China tunazozitumia huku kwetu zina kipimo hichohicho, na spoku, mnyororo na madigadi nilivipata bila shida. Kilichonikwamisha ni vitu viwili. Giya ya kwanza ilikuwa haishiki, kwa kuwa vikucha vya ndani ya habu na springi zake vilikuwa vimelika, na bakuli za ekseli ya katikati, ile ya pedeli, zilikuwa zimechimbika na gololi. Bakuli hizo ni mtihani kwa kila mwenye Raleigh ya miaka ile, maana nyuzi zake, yaani mistari ya skrubu, ni 26 kwa inchi moja wakati baiskeli nyingine nyingi zina nyuzi 24. Bakuli lisilo lake huingia mizunguko miwili au mitatu kisha hukaza, na fundi akililazimisha kwa spana huwa amekwisha kuiharibu fremu.

Muuzaji huyu alilijua jambo hilo kabla sijalitaja, na hapo ndipo nilipomwamini. Alizungumza kwa adabu, akanieleza tofauti ya nyuzi, akaniuliza hata unene wa kota pini, ile inayokaza krenki (mkono wa pedeli) kwenye ekseli, na nilipomjibu kwamba ni milimita 9.5 alisema hiyo ndiyo Raleigh yenyewe. Kisha akaomba nimtumie habu nzima pamoja na giya ya mbele na krenki yake, akidai kwamba bila kuviona hawezi kuwa na hakika, na akaomba malipo ya awali ya shilingi 180,000. Nilivifunga vizuri katika boksi, nikavituma kwa basi, nikalipa kwa simu.

Baada ya wiki tatu za ahadi nilipokea kifurushi. Habu iliyokuwemo haikuwa yangu. Mahali pa tarehe palikuwa pamesuguliwa kwa msasa hadi pakawa laini, kisha gamba lote likapuliziwa rangi ya fedha ili lionekane kama lina krome. Fundi alipoifungua mbele yangu tulikuta gololi zimeshikana kwa kutu na meno mawili ya giya ndogo za ndani yamevunjika. Bakuli zilikuwa za nyuzi 24. Giya yangu ya mbele haikurudi kabisa. Aliniambia ilipotelea kwenye basi, na nilipomwomba stakabadhi ya mzigo hakupokea simu yangu tena.

Mwezi uliofuata niliiona giya hiyo katika picha za tangazo lake jipya, inauzwa kama kifaa adimu. Sina shaka kwamba ni yenyewe, kwa sababu upande wake wa ndani, karibu na tundu la krenki, kuna mikwaruzo mitatu iliyopigwa kwa tupa. Baba aliipiga mwenyewe, nami nikiwa mtoto nimemshikia baiskeli, kwa hofu kwamba fundi angeweza kumbadilishia spea siku atakapoiacha gereji.

Nimekwenda polisi nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu, na namba ya simu iliyopokea fedha nimeituma kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa ajili ya kuripoti matapeli. Nawasihi waliokwisha kulizwa na muuzaji huyu nao wafanye hivyo, hata kama kiasi walichopoteza ni kidogo, maana lalamiko la mtu mmoja huonekana kama ugomvi wa wateja wawili, ilhali malalamiko kumi yanayosimulia habari ya sampuli kwa namna moja huonyesha kwamba hii ni kazi yake.

Kwa wanaoendelea kutafuta spea, nasisitiza kwamba mwuzaji mwaminifu hahitaji chuma chako. Pima kwa kalipa, hesabu nyuzi juu ya rula, piga picha, kisha umtumie vipimo hivyo. Yeye naye akutumie picha ya kifaa kikiwa juu ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo, pamoja na picha ya karibu ya mahali palipogongwa mwaka na mwezi. Akikwepa picha hiyo moja, achana naye. Ikiwezekana, mlipe baada ya kukikagua kifaa pale stendi ya basi, mkiwa na fundi. Na kama ni lazima habu itoke nyumbani, ifungueni kwanza mtume kikucha kimoja kilicholika, kwa sababu hicho hakina thamani kwa mwizi, wakati gamba lenye tarehe halipatikani tena.

Ikiwa kuna yeyote kati yenu aliyeuziwa giya ya mbele ya Raleigh, ya meno 46, yenye mikwaruzo mitatu ya tupa upande wa ndani, namwomba aniandikie. Simlaumu kwa lolote, naye alinunua kwa nia njema. Nitamrudishia fedha yote aliyoitoa pamoja na nauli ya mzigo, na kama anahitaji giya nyingine kwa ajili ya baiskeli yake, nitamsaidia kuitafuta.