Taarifa za vimbunga kutoka Miami, msimu wa 2020: maandishi yameishinda ramani

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, chenye makao yake Miami, hutoa taarifa zake bila malipo kila baada ya saa sita, na msimu wa 2020 katika Bahari ya Atlantiki uliipima huduma hiyo vilivyo: dhoruba 30 zilipewa majina, na 14 kati yake zikafikia nguvu ya kimbunga.

Ubora wake umo katika maandishi. Kabla kimbunga Laura hakijaingia jimbo la Louisiana tarehe 27 Agosti, kikiwa na upepo wa kilometa 240 kwa saa, taarifa zilieleza waziwazi kwamba maji ya bahari yangeweza kupenya hadi kilometa 60 hivi kutoka ufukweni na kwamba atakayebaki katika njia yake hatanusurika. Sijapata kusoma onyo la serikali lisilozungukazunguka kama lile.

Ramani mashuhuri yenye umbo la koni, kwa upande wake, hupotosha. Wengi hudhani kwamba koni huonyesha ukubwa wa dhoruba, ilhali huonyesha tu mahali kitovu chake kinapotarajiwa kupita, tena kwa uhakika wa takriban theluthi mbili, na upana wake hutokana na makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyotangulia. Sally, ambayo ramani za mwanzo ziliielekeza Louisiana, iliingia Alabama tarehe 16 Septemba kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mvua yake ikaifurikisha Pensacola iliyoko Florida. Kwa koni hiyo ninaipunguzia huduma nyota moja kati ya tano.

Majina ya herufi za Kigiriki, yaliyotumika baada ya orodha ya kawaida kwisha, nayo yalichanganya, kwa kuwa Zeta, Eta na Theta, zinazotamkwa karibu sawa, zilifuatana kwa karibu; Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliufuta utaratibu huo mwaka 2021.

Kinachonivutia zaidi ni ripoti zinazotolewa msimu ukishapita. Iota, iliyoipiga Nikaragua katika Novemba wiki mbili tu baada ya Eta, ilitangazwa kuwa ya daraja la tano, la juu kabisa katika kipimo cha nguvu za vimbunga, lakini baada ya vipimo kuchambuliwa upya ripoti iliishusha hadi la nne bila kuficha sababu. Msomaji mgeni aanzie hapo, kisha arudi kwenye taarifa za siku zenyewe.